Usifunue Mpaka Niseme

Siku chache baada ya kumzika mama niliunguza wali. Mliolelewa bonde la Kilombero mnajua hiyo ni aibu ya namna gani. Mtu wa Ifakara anaweza kuunguza maharage, anaweza kutia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, hata ugali wake ukiwa na madonge atatafutiwa udhuru. Wali, hapana. Na wala haukuwa ukoko ule tuliokuwa tukigombania utotoni, mwekundu, unaolia ukiutafuna. Wali uliungua mpaka juu. Harufu ikatoka uani, ikapita sebuleni, ikamfikia jirani, naye akaja kugonga geti kuuliza kama niko salama.

Nilikuwa salama. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, nikiitazama sufuria, simu mkononi. Niliinusa harufu ile tangu ilipoanza na sikuinua mkono. Niliwahi kuinusa hivyohivyo siku moja nikiwa mtoto, viganja vyangu vikiwa juu ya mguu wa mama, nikiwa nimekatazwa kuviondoa. Siku ile niliamini kuwa kinachoungua ni yeye.

Utotoni nyumbani waliniita Mama Funua. Jina lilitoka kwa mama mwenyewe, na nililistahili. Sikuweza kuona chombo kimefunikwa nikakiacha. Mtungi wa togwa niliufunua, kapu la vifaranga nililifunua, vitumbua vya watu vilivyofunikwa sinia kanisani siku ya sikukuu nilivifunua mbele ya mgeni wa heshima. Lakini dhambi yangu kubwa ilikuwa wali. Mama akishapunguza moto, akapalia makaa juu ya mfuniko, kwake wali ulikuwa sawa na mtu aliyeingia bafuni kuoga: hafunguliwi mlango. Mimi nilisubiri ageuke tu. Nilichukua kijiti, nikasogeza kaa moja pembeni, nikainua mfuniko kidogo, mvuke ukanipiga usoni na harufu ya mchele mpya ikanijaa mpaka tumboni. Sikuwa na njaa. Nilitaka tu kuona ulipofikia.

Mama hakuhitaji kunikuta. Akila tonge la kwanza alijua. "Wali una kiini," alisema, akimtazama baba, asinitazame mimi. "Mama Funua amepita hapa." Kisha mwiko ulinipata mkononi, si kwa nguvu sana, na wimbo ulikuwa uleule. "Subira yavuta heri, Kandida. Wewe unavuta mfuniko."

Niliyachukia maneno hayo. Leo ningetoa chochote kuyasikia.

Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa tulihamia shambani. Mama alifunga nyumba yetu ya Katindiuka, akapanga chandarua, sufuria, gunia la mkaa na debe juu ya baiskeli, akaikokota, mimi na mdogo wangu Osmundi tukimfuata nyuma. Mwaka ninaoukumbuka baba hakuwapo. Alikuwa na vibarua vya reli upande wa Mang'ula, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Shamba letu lilikuwa mbali, bondeni kabisa, na ukisimama katikati yake uliona milima ya Udzungwa upande mmoja, na pande zote zilizobaki mpunga, matete na anga. Tulilala kwenye dungu, kibanda cha fito na nyasi kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji na nyoka wapite chini na sisi tulale juu. Usiku viboko walikoroma mtoni. Asubuhi umande ulikuwa mwingi mpaka kanga ya mama ililowa hadi magotini.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Kwelea kwelea wakitua shambani, ukichelewa kidogo umekula hasara. Mimi nilikuwa na teo ya kurushia madonge ya tope. Osmundi, ambaye alikuwa bado anatoka makamasi na hajaanza shule, alipewa debe na kipande cha mti. Hakuna mtoto aliyeipenda kazi yake kama yule. Alipiga kabla ndege hawajafika, alipiga walipofika, alipiga walipoondoka kwa kuwasindikiza. Na hakuwa peke yake. Kila shamba lilikuwa na debe lake na mtoto wake, na tangu alfajiri bonde zima liligonga. Siku za kwanza kelele zile zinakuumiza kichwa. Wiki ikipita huzisikii tena, na watu wazima walikuwa wameacha kuzisikia tangu zamani.

Saa za jua kali ndege huingia kwenye matete kupumzika, na madebe nayo hunyamaza. Huo ndio ulikuwa wakati wetu wa kupika.

Siku yenyewe mama alikuwa ameshapalia wali chini ya dungu. Ngazi ya dungu ilikuwa imevunjika ufito mmoja tangu jana, akaona asikae bure, akachukua panga akaanza kuchonga ufito mwingine. Osmundi alikuwa anacheza na tope. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya sufuria na kijiti changu, nikipima kama mama ananiona. Kwa hiyo sikuona kilichotokea. Nilisikia tu mama akisema, "Yesu wangu," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau nyumbani.

Panga lilikuwa limeteleza kwenye ufito mbichi, likamkata upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Nilikuwa nimewahi kuona damu, nani mtoto wa shamba hajaona damu. Damu ile haikuchuruzika. Iliruka, ikapumzika, ikaruka tena.

Mama alikaa chini palepale. Alivuta kanga ya mabegani, akaikunja, akaikunja tena mpaka ikawa nene, akaikandamiza juu ya jeraha kwa mikono yake miwili. Hakupiga kelele wala hakulia, na hilo lilinitisha kuliko damu. Baadaye nilijua kuwa alipokuwa msichana masista wa parokia yao kule Mahenge walikuwa wakiwafundisha mabinti kushona, kupika na kufunga majeraha, na kwamba kati ya yote hayo matatu alilolipenda lilikuwa kupika tu. Lakini siku ile mikono yake ilikumbuka lile la tatu. Alijilaza chali, akaniagiza nisogeze kiroba cha mpunga, akapandisha mguu juu yake. Kisha nikaona mikono yake haifiki tena kwenye kanga.

"Kandida, njoo ubonyeze hapa."

Nilikwenda.

"Viganja vyote viwili. Nyoosha mikono. Lala na uzito wako wote, kama unakanda unga."

"Nitakuumiza, mama."

"Niumize."

Nikabonyeza. Chini ya kanga palikuwa pa moto na panadunda.

"Sasa nisikilize," alisema. Alikuwa akihema, lakini sauti ilikuwa ileile ya jikoni. "Usifunue."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Damu ni kama wali. Ukiifunika ukaibana, inatulia yenyewe. Ukifunua kuchungulia, unaanza upya, na mimi sina ya kuanzia upya. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Hata aje nani, usifunue mpaka niseme mimi." Akageuza kichwa. "Osmundi, baba, chukua debe lako. Piga. Usiache mpaka mtu afike."

Niseme ukweli, kama mama angekuwa na mtu mwingine wa kumpa kazi ile, asingenipa mimi. Nadhani alijua hilo hata pale alipolala. Alikuwa ameukabidhi uhai wake kwa mtoto asiyeweza kukiacha chungu cha maharage kitulie.

Osmundi alipiga debe. Alipiga kuliko siku zote, amesimama kwenye tuta, kifua wazi, machozi na makamasi yakichanganyika. Na hapo ndipo mazoea yetu wenyewe yalipotaka kutuulia mama. Bonde lilisikia debe, na debe kwetu maana yake ni moja tu. Shamba la jirani mtoto akasikia, akadhani kundi limetua kwetu na likifukuzwa litahamia kwao, akakurupuka kivulini akaanza kupiga lake. Wa shamba la tatu akasikia wawili, naye akaanza. Baada ya muda mfupi bonde zima lilikuwa likigonga mchana kweupe, kila mtoto akiwafukuza ndege ambao hawakuwapo, na kilio cha Osmundi kikazama humo ndani. Hakuna mtu aliyekuja.

Mimi nilibonyeza. Kanga ililowa, ikaanza kuteleza.

"Mama, imejaa."

"Ongeza juu. Ya chini usiitoe."

Sikuwa na cha kuongeza na sikuwa na mkono wa kuchukulia. Nikamwita Osmundi, akaja mbio akiwa bado anagonga, nikamwambia alete shati lake alilolivua asubuhi. Akalikunja kwa mkono mmoja vile alivyoweza, akaliweka. Niliinua kiganja kimoja nikakirudisha juu ya shati, kisha kingine. Osmundi akarudi kwenye tuta lake.

Sasa mnielewe mtoto alivyo. Mama alikuwa amesema damu ni kama wali, na mimi nililichukua neno hilo lote, sikuacha kitu. Niliamini kwamba chini ya kanga ile damu ilikuwa inaiva. Ule moto wa viganjani ulikuwa moto wa kuivia. Ikishaiva itakuwa nzito, itashikana, haitamwagika tena. Nilijisikia nimeelewa siri kubwa ya watu wazima, na kwa muda nilikuwa karibu na furaha. Nilichotaka kujua ni kile nilichotaka kujua siku zote: imefikia wapi. Vidole vyangu viliwasha kwa kutaka kuinua pembe ya shati, kidogo tu.

Nilimwuliza mama kama bado. Akasema bado. Nikamwuliza tena baadaye, akasema, "Bado, mwanangu." Nilipouliza mara nyingine hakujibu. Midomo yake ilikuwa imepauka na macho yamefumba. Alikuwa na desturi ya kusinzia mchana akisubiri wali uive, nikajiambia amesinzia.

Ndipo nikasikia harufu ya kuungua.

Nyinyi mnajua ilikotoka. Sufuria ilikuwa hatua chache nyuma yangu, makaa juu na makaa chini, na hakuna aliyekuwa ameikumbuka. Mimi sikuikumbuka pia. Nilichokijua ni kwamba kitu kimepitiliza, kinaungua, na kitu pekee nilichokuwa nikikipika kilikuwa chini ya viganja vyangu. Nikainama nikanusa shati. Lilinuka damu, harufu kama ya sarafu iliyoshikwa sana, na juu yake ile ya kuungua. Mama alikuwa anaungua na mimi ndiye niliyemwunguza kwa kutofunua.

"Mama, inaungua," nilimwambia. "Mama, nifunue?"

Hakujibu.

Nimeishi miaka mingi, nimezaa, nimeuguza, nimefikishwa mbele ya mabosi, na sijawahi kutakiwa kuamua jambo zito kama lile. Kila nilichokuwa nacho kilisema funua. Pua ilisema, vidole vilisema, na hata hofu, ambayo kwa kawaida humzuia mtu, siku ile ilisema funua. Upande mwingine palikuwa na neno moja la mama. Nilifumba macho, nikalala juu ya mikono yangu kwa uzito wote, na nikaanza kulia kwa sauti, nikimwomba msamaha kwa kumwunguza.

Mama Salima ndiye aliyetuokoa. Alikuwa mke wa mvuvi, shamba lao lilikuwa ng'ambo ya kijito, mwanamke mrefu asiyependa upuuzi. Kama watu wazima wote alikuwa hasikii madebe, lakini alisimulia baadaye kwamba alitoka nje ya dungu lake kutafuta kuni, akatazama juu, hakuona hata ndege mmoja. Akatazama matete, yametulia. Akajiuliza, mchana wa jua hili, watoto wa bonde zima wanamfukuza nani? Akasikiliza ni debe gani linalopigwa kama la mwenye kichaa, akalifuata, akiwa ameshaandaa fimbo ya kumchapa mwenye debe.

Debe la Osmundi likanyamaza. Hivyo ndivyo nilivyojua, kabla sijafumbua macho, kwamba mtu amefika.

Mama Salima alitupa fimbo. Akasema, "La ilaha," akapita kando yangu, na kwa mazoea ya mikono ya mwanamke akaepua sufuria kabla ya kitu kingine chochote. Harufu ikaanza kupungua. Nikamtazama kwa mshangao mkubwa, kwa sababu hakuugusa hata mguu wa mama na tayari alikuwa ameuzuia usiungue.

Akaanza kukwangua masizi nyuma ya sufuria kwa ukucha. Kwao ndivyo walivyofanya, na kwetu pia wengi walifanya hivyo: jeraha linatiwa masizi, au ugoro, damu inakata.

"Sogea, mwanangu, funua nimtie dawa."

"Hapana."

"Kandida, funua. Mama yako anaisha."

"Shikamoo Mama Salima," nilisema, maana nilikuwa sijamsalimu na nilidhani huenda ndiyo sababu amekasirika. "Mama amekataa. Kasema hata aje nani, nisifunue mpaka aseme yeye."

"Hawezi kusema sasa. Huoni?"

"Basi nangoja."

Alinitazama. Nadhani aliona nisingeondoka pale ila kwa kuvunjwa mikono. Au labda aliona kwamba shati lilikuwa limelowa katikati tu, na kwamba kulowa kwenyewe kumeacha kutanuka. Akajipangusa masizi kwenye gauni. Kisha akavua ushungi wake kichwani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya nje ya nyumba, akaupasua kwa meno. Kipande kimoja alikikunja akakiweka juu ya shati, mikono yangu ikiwa chini yake. Akaniambia nitoe mkono mmoja, kisha mwingine, akazungusha kile kipande kirefu, akakaza, akazungusha, akakaza, akafunga fundo. Akabinya kidole gumba cha mguu wa mama. "Bado cha moto," akasema. "Damu inafika." Akavua na kanga yake ya juu, akamfunika mama kifua.

"Haya, bonyeza tena juu ya fundo," akaniambia. Nami nikabonyeza.

Osmundi alitumwa kwa Baba Masanja, Msukuma aliyekuwa na mkokoteni wa ng'ombe upande wa barabara. Alikwenda na debe lake, akalipiga njia nzima, ingawa hakuna aliyemwambia. Baba Masanja alikuja bila kuuliza maswali, akatandika nyasi kwenye mkokoteni, wakampandisha mama, mguu ukawekwa juu ya kiroba kilekile. Mimi nilipanda nikiwa nimeinama, viganja mahali pake. Njia ya kutoka bondeni ina mashimo, na kila gurudumu lilipotumbukia nilibonyeza zaidi. Baba Masanja aliwaita ng'ombe wake kwa majina, kwa upole, kama anayewabembeleza watoto wasiamshe mgonjwa. Mama Salima alimlowesha mama midomo kwa maji na kumwita jina. Mara mojamoja mama aliitika, "Mmm." Ilinitosha.

Tulifika hospitali Ifakara jua likiwa bado linawaka. Nesi mmoja mnene mwenye miwani alikuja na machela na mabandeji meupe. Sikuwa nimewahi kuona kitambaa cheupe namna ile. Akanishika mabega.

"Umefanya vizuri. Achia sasa, mwanangu."

"Mama hajasema."

Mama Salima alifungua mdomo kunikaripia, nesi akamzuia kwa mkono. Akachuchumaa mpaka miwani yake ikawa sawa na macho yangu. Hakucheka.

"Mama yako kachoka kusema," aliniambia. "Kaniachia mimi nimsemee. Tazama, na mimi sifunui." Na kweli hakufunua. Aliweka pamba na bandeji juu ya vyote vile, kanga na shati na ushungi, akazungusha akakaza, na mkono wake ukaingia mahali pa mkono wangu. Wakampeleka ndani. Vidole vyangu vilikataa kunyooka mpaka jioni, na Osmundi alinilisha mkate.

Mama alishonwa, akaongezewa damu, akalazwa. Baba alikuja na treni, akakaa ukingoni mwa kitanda akiwa ameshika kofia yake. Waliponiruhusu kuingia nilisimama mbali, nikingoja kiboko cha kumwunguza. Mama alifumbua macho.

"Ulifunua?"

"Sikufunua."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na wali wangu?"

"Uliungua."

"Huo nao hukuufunua?"

"Hapana."

Mama alicheka mpaka nesi akaja kumwonya kuhusu nyuzi. "Haya," alimwambia baba, "dunia imekwisha. Kandida kaacha wali uungue." Kisha akanivuta nikalala ubavuni kwake, naye akalia, na ikawa siku ya kwanza na ya mwisho mimi kumwona akilia kwa ajili yake mwenyewe. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameogopa kuliko mimi.

Kovu lilibaki, limepinda kidogo, na mvua ikikaribia lilimwasha. Jina la Mama Funua likafa. Lakini mimi nilibaki na kasoro nyingine: tangu siku ile sikuweza tena kuinua mfuniko wa wali. Nilipika, nilipalia, nikakaa. Mkono haukwenda. Mwanzoni mama alinitania, baadaye akaacha, na bila kulizungumza tukawa na desturi. Popote alipokuwa, kwenye mkeka anachambua mboga, dirishani anaongea na mtu, alifikia mahali akasema, "Haya, funua." Nikafunua. Wali ulikuwa umeiva, punje mojamoja, kila siku.

Nilipoolewa Morogoro tatizo lilinifuata. Gesi ilikuwa ya chai na mboga, wali niliupika kwa mkaa, na nikishapalia nilimpigia mama simu. Mume wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba wali wa nyumba hii unaivia Ifakara. Tukaongea mambo yote: ndege wa mwaka huu, nani kaoa, nani kauza shamba, presha yake, Osmundi na pikipiki yake. Katikati ya habari alinyamaza na kusema, "Nisogezee simu kwenye sufuria." Nikasogeza. "Haya, funua." Nilimwuliza mara nyingi anasikia nini. "Wali ukiiva unaacha kunung'unika," alisema. Sikumwamini, nikafunua, na ulikuwa umeiva.

Presha ndiyo iliyomchukua, amelala kitandani kwake Katindiuka. Tulipomwosha nilipewa miguu. Niliweka kiganja juu ya lile kovu, na kiganja kilipajua mahali pake, ingawa kilikuwa kimekua na mguu umekonda. Palikuwa pa baridi. Shangazi akanisubiri kidogo, kisha akaniondoa mkono taratibu.

Sasa mnajua kwa nini niliunguza wali. Nilirudi Morogoro, nikapika, nikapalia, nikachukua simu, nikabonyeza jina lake kabla sijakumbuka. Nikakaa vile, nikingoja kuambiwa. Harufu ilipoanza nilikuwa tena chini ya dungu, na bado hakuna aliyesema.

Juzi Osmundi alituma gunia la mchele mpya. Nilipika kwa woga. Nilipopalia nilimpigia yeye, nikamwambia ukweli: nimepalia, na hakuna mtu wa kuniambia.

Yeye ni fundi pikipiki, ana watoto wanne, hajawahi kupika wali maishani.

"Nisogezee simu kwenye sufuria," akasema. Nikasogeza. "Sisikii kitu, dada."

"Najua."

"Mimi wali siujui. Mimi najua debe tu."

Nikasikia anaburuta kitu uani, kisha akaanza kukigonga. Kwanza taratibu, kwa aibu, mtu mzima yule, na watoto wake wakauliza baba ana nini. Kisha akagonga kwa nguvu, kama siku ile juu ya tuta, kifua wazi, akiliita bonde zima. Niliweka simu kifuani. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na aliendelea kugonga, hakuuliza kama inatosha.

Kisha debe likanyamaza.

Nikanyoosha mkono, nikafunua.